Toleo la Kwanza Lisilokuwa la Kwanza: uchambuzi wa kisa cha mauzo ya rova ndogo za chuma

Kisa hiki kinahusu modeli saba za rova, yaani vigari vya kuchunguza Mwezi na Mirihi, zilizosubiwa kwa zinki na kuuzwa kwa wakusanyaji. Muuzaji na mnunuzi wote ni wazungumzaji wa Kiswahili, mmoja anaishi Marekani na mwenzake nchi mojawapo ya Ghuba. Walipohitilafiana waliniomba niwatazamie picha na mawasiliano yao, kisha wakaridhia kisa kiandikwe kwa faida ya wengine. Majina, miji na kila kinachoweza kuwatambulisha nimeviondoa. Hapa wataitwa Muuzaji na Mwalimu, kwa kuwa huyo wa pili kweli hufundisha watoto.

Usuli: modeli zenyewe

Mzoefu wa magari madogo ya chuma anajua kwamba kalibu moja hutumika miaka mingi. Mtengenezaji hubadilisha rangi, magurudumu na michoro, akalirudisha gari lilelile dukani likiwa na sura mpya. Rova zina jambo la ziada linalowachanganya hata wazoefu: kila rova imefungamana na tarehe inayojulikana dunia nzima, tarehe ya kutua. Akili ya mnunuzi hung'ang'ania tarehe hiyo, na kila mwaka anaousoma kwenye kichezeo huupima nayo.

Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, katika bonde la Ares Vallis, kikiwa na rova iitwayo Sojourner, yenye magurudumu sita na uzito wa kilo 10 na ushei. Ilitarajiwa kufanya kazi kwa siku 7 za Mirihi. Ilifanya kazi siku 83. Kampuni ya Mattel, kwa leseni iliyotoka JPL, maabara ya Pasadena, California, iliyoiunda rova hiyo, ilikuwa na pakiti ya Hot Wheels, chapa yake ya magari madogo ya kuchezea, tayari: rova, kituo kilichotua nayo, na chombo kilichovibeba safarini. Watu walizigombania pakiti hizo, maduka yakaishiwa. Wengi waliozipata waliziweka bila kuzifungua wakiamini zitakuja kuwa mali. Ndiyo maana pakiti za 1997 zilizofungwa bado zinaonekana minadani hadi leo, na kwa bei ya kawaida. Kitu kilichogombaniwa na kila mtu huwa kimehifadhiwa na kila mtu.

Curiosity ilitua katika kreta ya Gale tarehe 6 Agosti 2012 kwa saa za dunia, California ikiwa bado tarehe 5 usiku. Hii ni rova ya kilo 899, kubwa kama gari dogo la abiria. Modeli yake ya Hot Wheels ilitoka mwaka huohuo. Perseverance ilitua katika kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, nayo ikapata modeli yake.

Ya mwisho katika mkusanyo huu ni ya ukoo mwingine: gari la Mwezini la safari za Apollo, namba 355 la kampuni ya Dinky ya Uingereza, lililouzwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Magari halisi matatu ya aina hiyo yaliendeshwa na wanaanga wa Apollo 15, 16 na 17 kati ya 1971 na 1972, na yote matatu yangali huko Mwezini.

Usuli: watu wawili

Muuzaji ni kijana mwenye mkusanyo mkubwa wa magari ya mbio. Rova zilimjia ndani ya boksi la vitu mchanganyiko alilonunua kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama. Hakuwa na elimu maalumu ya modeli za anga, wala hakudai kuwa nayo. Alitafuta habari kidogo, akazipanga, akaziuza kwa pamoja.

Mwalimu alizitaka kwa sababu mbili ambazo hakuzitenganisha mapema, na kwangu hapa ndipo kisa kinapoanzia. Kwanza, alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi rova zilivyokua kutoka Sojourner hadi Perseverance. Pili, alitaka awe na matoleo ya kwanza, yakae kabatini kama akiba. Fedha alizolipa zilikuwa za lengo la pili. Matumizi aliyoyakusudia yalikuwa ya lengo la kwanza.

Mfuatano wa mambo

Tangazo la Muuzaji lilitaja vitu saba: pakiti moja ya Sojourner iliyofungwa, Curiosity nne zisizo na kadi, yaani karatasi ngumu ya kifungashio, zikielezwa kuwa "zote toleo la kwanza, rangi tofauti", Perseverance moja ikiwa kwenye kadi yake, na gari la Dinky bila boksi, likiwa limepoteza mwanaanga mmoja kati ya wawili. Bei ilikuwa dola 180 pamoja na usafirishaji.

Mwalimu aliuliza swali moja tu kuhusu Curiosity: mna hakika ni za 2012? Muuzaji akajibu kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, nimezigeuza zote nne nikasoma tumboni, mwaka unaendana na wa kutua." Aliambatanisha picha za juu na za ubavuni. Picha ya tumbo haikuwemo, na haikuombwa.

Mzigo ulisafiri majira ya joto kali. Ulipofika, kadi ya Sojourner ilikuwa imepinda, plastiki imeingia rangi ya manjano, na upande mmoja gundi imeachia kiasi cha kidole kupenya. Mwalimu alilalamika kidogo, kisha akatulia. Manjano ya namna ile hutokana na kukaa kwenye mwanga miaka mingi. Gundi ndiyo iliyomalizwa na joto la njiani.

Siku chache baadaye alizigeuza Curiosity ili azisajili kwenye daftari lake. Kweli mwaka ulikuwa mmoja kwenye matumbo yote manne. Lakini kando yake palikuwa na alama ndogo ya herufi na namba, na alama hizo zilitofautiana. Mbili zilianza na herufi E. Nyingine mbili zilianza na herufi zinazokuja baadaye katika alfabeti. Akaandika: "Mdogo wangu, hizi mbili si za mwaka ule." Muuzaji akajibu kwamba mwaka umeandikwa, na mwaka hauongopi.

Wakati mabishano yakiendelea, likatokea la gari la Dinky. Mwalimu aliona unga mweupe kwenye maungio ya chini. Alikuwa amesoma kuhusu ugonjwa wa zinki, ule unaozipasua modeli za zamani mpaka zikawa vipande, akaogopa utaambukiza nyingine. Akalitumbukiza gari kwenye siki ili "auue" ugonjwa. Alipolitoa, unga ulikuwa umekwisha, lakini pale rangi ilipokuwa imechubuka chuma kilikuwa kimeliwa, uso ukawa wa kijivu na wenye vishimo, na rangi ya pembeni ikaanza kuinuka.

Hapo ndipo wote wawili walipoleta suala kwangu: Mwalimu akitaka arudishiwe fedha zote, Muuzaji akitaka arudishiwe vitu vyote kwanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzisoma alama upya, kwa picha za karibu, kabla ya kuzungumzia fedha. Magari ya Hot Wheels yaliyotengenezwa tangu 2008 hupigwa tumboni alama ya herufi na namba: herufi ni ya mwaka, namba ni ya wiki. A ni 2008, B ni 2009, na kuendelea, hivyo E ni 2012. Herufi I hurukwa ili isichanganywe na namba 1, kwa hiyo baada ya H ya 2015 inakuja J ya 2016. Mwaka mkubwa unaosomeka kwa urahisi tumboni ni wa haki ya usanifu, yaani wa kalibu. Kalibu ikirudiwa baada ya miaka kadhaa, mwaka huo hubaki vilevile. Curiosity mbili zenye E zilikuwa za 2012. Nyingine mbili zilikuwa marudio.

Muuzaji alipoonyeshwa jambo hili hakubisha. Alileta hoja nyingine, ambayo niliiona ina uzito: rangi tofauti si ushahidi wa marudio, kwa sababu Hot Wheels huweza kutoa gari moja kwa rangi zaidi ya moja ndani ya mwaka uleule. Ni kweli, na ndivyo alivyodanganyika. Ndiyo sababu rangi haitoshi kuthibitisha wala kukanusha, na alama ya tumboni inabaki kuwa shahidi.

Uamuzi wa pili ulihusu mzigo kurudi au kubaki. Tulikubaliana ubaki. Gharama ya kuurudisha ingekula sehemu kubwa ya bei, pakiti ya Sojourner isingestahimili safari nyingine, na gari la Dinky halikuwa tena katika hali lililotumwa nayo. Muuzaji hawezi kurudishiwa kitu kilichoharibiwa mikononi mwa mwingine na kuhesabiwa kuwa amerudishiwa chake.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuigawa bei kwa kila kitu. Tangazo lilikuwa na bei moja ya jumla, hivyo ilibidi kila upande uandike kivyake thamani anayoipa kila modeli, kisha tukalinganisha. Ajabu yake ni kwamba walitofautiana kidogo sana kwenye Curiosity na Dinky, wakaachana mbali kwenye Sojourner. Mwalimu aliipa thamani kubwa kuliko zote kwa sababu ni ya 1997 na imefungwa. Muuzaji, ambaye huzunguka minadani kila wiki, aliiweka chini kabisa.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa Mwalimu peke yake: kuifungua pakiti ya Sojourner au kuiacha. Nilimweleza kwamba plastiki iliyoachia haitarudi kuwa muhuri, na kuibandika upya kwa gundi ni kumtega mnunuzi atakayefuata. Aliifungua.

Matokeo

Muuzaji alirudisha tofauti ya bei kati ya toleo la kwanza na marudio kwa Curiosity mbili. Hakurudisha kitu kwa ajili ya Sojourner, kwa kuwa manjano yalionekana kwenye picha, wala kwa ajili ya Dinky. Kuhusu gundi iliyoachia njiani, waligawana hasara. Baadaye alibadilisha namna anavyoandika matangazo yake: sasa anataja alama ya tumboni kwa kila gari lililotengenezwa 2008 au baada ya hapo.

Mwalimu alibaki na modeli zote. Gari la Dinky lina kovu la kudumu. Perseverance haijatolewa kwenye kadi. Sojourner na Curiosity ziko darasani, zinashikwa na watoto.

Jambo moja halikuisha. Muuzaji angali anaona kwamba tofauti aliyoirudisha ilikuwa kubwa mno, kwa sababu mojawapo ya marudio yale ina rangi nzuri kuliko toleo la kwanza na angeweza kumpata mtu wa kuilipia. Sidhani amekosea kuhusu soko. Lakini alichoahidi hakikuwa rangi nzuri.

Uchambuzi: miaka mitatu iliyochanganywa kuwa mmoja

Kila modeli ya rova hubeba miaka mitatu: mwaka wa safari halisi, mwaka wa kalibu, na mwaka ambao kichezeo chenyewe kilitoka kiwandani. Kwa gari la kawaida la mbio, wakusanyaji wamezoea kuitenganisha. Hakuna anayedhani kwamba modeli ya gari la miaka ya 1960 ilitengenezwa miaka ya 1960. Kwa rova ya Mirihi, mwaka wa safari na wa kalibu hukaribiana sana, kwa sababu mtengenezaji hutaka kuwahi habari ikiwa bado moto. Mambo mawili yakikubaliana, mtu huliona la tatu kuwa limethibitika. Muuzaji alisoma mwaka, akakumbuka kutua kwa Curiosity, akaridhika. Alikuwa na miaka kumi ya uzoefu wa magari, na uzoefu huo haukumsaidia hata kidogo hapa, kwa kuwa habari za safari zilimwekea jibu mdomoni.

Kwa vitu vya kabla ya 2008, kama Sojourner, alama hiyo ya wiki haipo. Hapo kadi ndiyo shahidi: maandishi ya nyuma na mwaka wa kifungashio. Kipande kilichotolewa kwenye kadi hiyo hupoteza sehemu kubwa ya utambulisho wake, na hilo lilipaswa kuzungumzwa kabla ya mkasi kushikwa. Kwa pakiti hii haikuwa hasara kubwa. Kwa nyingine ingekuwa.

Uchambuzi: siki juu ya zinki

Hili limenisikitisha kuliko la fedha, kwa sababu lilizuilika kwa kusubiri siku moja.

Modeli hizi husubiwa kwa aloi ya zinki iliyochanganywa na aluminiamu kiasi, pamoja na shaba na magnesiamu kidogo. Ugonjwa wa zinki anaouhofia kila mkusanyaji hutokana na uchafu, hasa risasi, ulioingia kwenye aloi wakati wa kusubu. Uchafu huo husababisha kutu ya ndani, baina ya chembe za chuma. Modeli huvimba, hupinda, hupasuka na mwishoni hubomoka. Ugonjwa huu umeharibu sana modeli za Dinky za kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakati viwanda havikuwa vikali kuhusu usafi wa zinki. Gari la miaka ya 1970 halimo katika kundi hilo la hatari. Na ugonjwa huu hauambukizi: hauruki kutoka modeli moja kwenda nyingine, kwa kuwa umezaliwa ndani ya chuma chenyewe.

Unga mweupe aliouona Mwalimu ulikuwa kutu ya juu, ya kawaida kwa zinki iliyochubuka rangi na kukaa penye unyevu na chumvi. Yeyote aliyeishi pwani anaujua kwenye mabati. Dalili za kutofautisha zipo wazi: kutu ya juu hufutika, haina nyufa, wala haibadilishi umbo. Ilitosha brashi laini kavu, na ikibidi maji yenye sabuni kidogo, kisha kukausha kabisa. Siki ni tindikali, na tindikali huiyeyusha zinki. Ilikula unga, ikaendelea na gari.

Nimeliona kosa hili kwa watu wengi wenye upendo na vitu vyao. Hofu ya kupoteza kitu humfanya mtu akifanyie jambo haraka, na dawa za jikoni ndizo zilizo karibu.

Uchambuzi: ukubwa unaodanganya

Darasani lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na ndilo lililoniridhisha zaidi katika kisa chote. Mwalimu alipanga Sojourner na Curiosity mezani, mtoto mmoja akauliza kwa nini NASA ilitengeneza gari lilelile mara mbili.

Swali lilikuwa la haki. Magari ya Hot Wheels husemwa kuwa ni ya kipimo cha 1:64, lakini kwa kweli mengi hupunguzwa au kukuzwa ili yatoshee kifungashio na yashikike mkononi. Sojourner halisi ilikuwa na urefu wa sentimita 65. Kwa kipimo cha 1:64 ingekuwa na urefu wa sentimita moja tu, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, na hakuna angeinunua. Curiosity, yenye urefu wa mita 3 hivi, kwa kipimo hichohicho inafika karibu sentimita 5. Modeli zikiwekwa pamoja, rova ya kilo 10 na ya kilo 899 zinaonekana ndugu wa rika moja.

Mwalimu hakuzificha modeli. Aliwapa watoto karatasi na rula, wakakata vipande viwili kwa kipimo sahihi na kuviweka chini ya kila rova. Halafu akawachorea chokaa uwanjani mstatili wa mita 3 na mwingine wa sentimita 65. Kutoka hapo somo likafunguka: kwa nini rova kubwa ilihitaji kushushwa kwa kamba kutoka chombo chenye roketi, ilhali ile ndogo ilidunda ndani ya mifuko ya hewa, kwa nini Sojourner ilitegemea jua na Curiosity inatumia joto la plutoniamu. Wakajua pia kwamba majina ya Sojourner, Curiosity na Perseverance yote yalipendekezwa na wanafunzi katika mashindano, na kwamba la kwanza lilimkumbuka Sojourner Truth, mwanamke mweusi wa Marekani aliyezaliwa mtumwa na kuupinga utumwa hadharani. Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji toleo la kwanza.

Kwa hiyo Mwalimu alilipa ziada kwa sifa ambayo lengo lake halikuihitaji, na modeli zilizomfaa zaidi ni zile zinazoshikwa na watoto. Angetenganisha makusudio mapema, angenunua marudio ya Curiosity kwa bei ndogo kwa ajili ya darasa, na kama bado alitaka ya kabati, angetafuta moja yenye E, ikiwa kwenye kadi safi, na kuihoji kwa utulivu.

Uchambuzi: picha ambayo haikuombwa

Kilichofanya kazi katika kisa hiki ni kwamba pande zote mbili zilihifadhi mawasiliano, na tangazo la awali halikufutwa. Bila maneno yale "zote toleo la kwanza", kusingekuwa na cha kurudishwa.

Kilichokosekana ni picha moja. Kwa gari lisilo na kadi, ombeni tumbo likiwa limepigwa kwa karibu, mwanga ukitokea ubavuni ili herufi zitoe kivuli. Mwanga wa moja kwa moja huzimeza. Kwa lililo kwenye kadi, ombeni nyuma ya kadi yote na kingo nne za plastiki zinapokutana na kadi. Kwa modeli za zamani za zinki, ombeni maungio ya chini na ndani ya matundu ya magurudumu, kwani nyufa huanza mahali pembamba. Anayesita kupiga picha hizo si lazima awe tapeli. Muuzaji wetu angezipiga kwa furaha, na pengine angeigundua E na zile herufi nyingine kabla ya Mwalimu.

Na mzigo wa kadi na gundi usisafirishwe kuelekea Ghuba kati ya Juni na Agosti kama unaweza kungoja.